Muuza Mizizi wa Gulio la Mlalo

Mama anayeuza dawa za mizizi kwenye gulio la Mlalo hampi mtu dawa kabla hajaionja mwenyewe. Huchota unga kwa ncha ya kidole, akaulamba, akakunja uso kwa ule uchungu, ndipo akafunga. Hata biashara ilipofanywa huria, vijana wakaja na vipaza sauti na chupa zenye lebo za ng'ambo, yeye hakupaza sauti wala hakuacha kuonja. Hukaa palepale juu ya gunia, miguu ameifunika kwa kanga, mvua au jua.

Dorkasi, mteja wake, alimpenda kwa kule kuonja. Siku moja alimwamkia shikamoo, akaomba tena dawa ya mumewe mwenye kisukari. "Imemfaa kweli, mama. Miguu haijai tena. Hata vile vidonge vya hospitali ameviacha."

Kidole kilichokwisha kuchota kikasimama hewani. Mama akakikung'utia ndani ya kopo, akafunika, akakandamiza kifuniko kwa viganja vyote viwili.

"Nani alimwambia aviache?"

"Hakuna, mama. Aliona amepona."

"Basi leo sikuuzii. Nenda kamwambie avirudie kwanza."

"Lakini uvimbe umepungua, mama. Nimeuona kwa macho yangu."

 Mama aliinama, akafunua kanga. Mguu wa kushoto uliishia katikati ya wayo. Vidole havikuwapo hata kimoja.

"Na uvimbe wangu ulipungua, mwanangu," alisema. "Kwa dawa hii hii. Nami vidonge nikaviacha."