Bastola ya Mpika Chapati

Muuzaji alinitolea bastola ndogo, laini, inayong'aa, akasema hiyo ndiyo wanawake huipenda. Nikamwambia sikuja kununua hereni.

Nilikuwa nimeshavamiwa mara mbili mlangoni pa kibanda changu cha chakula kule Clairwood, mtaa wa maghala na malori, alfajiri, saa ambazo madereva wa malori wanataka chai na mimi niko peke yangu na jiko. Mara ya pili walinipiga. Mume wangu akasema funga hiyo biashara. Nifunge? Kibanda kile nimekianzisha kwa jasho langu, na hasira niliyokuwa nayo ilizidi hofu. Nikasomea matumizi ya silaha, nikafaulu mtihani, nikabana matumizi mpaka nyama tukaisahau, ndipo nikaingia dukani.

Pesa yangu ilitosha bastola mpya ya ovyo au iliyotumika lakini nzuri, na yeyote aliyewahi kununua viatu vya mtumba anajua achague ipi. Tena nilikuwa nimetenga hela za risasi za mazoezi na za sefu ya kufungwa ukutani. Anayemaliza hela zote kwenye bastola yenyewe amenunua pambo. Muuzaji akaniwekea mezani tatu za nusu otomatiki, zote zimetumika.

Nikafungua mkoba, nikatoa kopo la unga uliokandwa na kichupa cha mafuta.

"Eish, mama, hiyo ni nini?"

"Ni kazi yangu," nikamwambia.

Kutwa nzima mikono yangu ina unga na mafuta, na jambazi hatanisubiri ninawe. Nilimtaka muuzaji ahakikishe hazina risasi, nikafinyanga donge, nikajipaka mafuta viganjani, kisha nikazishika moja moja na kuvuta nyuma ile sehemu ya juu. Ya kwanza iliniteleza kama sabuni. Ya pili ilikuwa ngumu, nikavuta mpaka nikakunja uso na bado haikufika. Ya tatu ilikuwa nzito, rangi imechubuka, sura mbaya kwelikweli, lakini mpini wake ulikuwa na vipele na ilinikaa mkononi. Muuzaji alikuwa akicheka, nikamwacha acheke. Tulipoingia chumba cha shabaha, nikiwa nimenawa, niliijaribu kwa risasi za bei ya chini kabisa, zile nitakazozimudu siku zote. Haikukwama hata mara moja. Nikasema ni hii, na unipunguzie. Akapunguza.

Lakini bastola hubaki dukani mpaka leseni itoke, na kabla ya leseni polisi huja kuwauliza watu wa nyumbani kwako. Hapo ujasiri wangu ulifika mwisho. Mume wangu ni Mrundi, kinyozi hapa mtaani kwetu, Albert Park. Fataki za mwaka mpya zikianza, hujifungia bafuni mpaka ziishe. Tangu nilete habari ya bastola alikuwa akinijibu ndiyo na hapana, basi. Akimwambia polisi anaogopa, leseni hakuna, na kibanda ndiyo kwaheri.

Afisa alikuja, akakagua sefu, akaketi kwenye kochi letu.

"Baba, una shida yoyote mke wako akiwa na silaha humu ndani?"

Mume wangu aliitazama ile sefu ukutani. Mimi nilitazama zulia, maneno yangu yote ya dukani yamenitoroka.

"Bunduki nimezikimbia," alisema hatimaye, kwa Kizulu chake cha kinyozi, alichookota kwa wateja. "Nimezikimbia Burundi, nikazikimbia Kongo. Huyu mwanamke simkimbii. Andika."

Kisha akanigeukia kwa Kiswahili chetu. "Iko sawa, mama. Lakini ufunguo wa ile sefu kaa nao wewe, mi siutaki."

Afisa akaandika. Nami nikalia mbele ya mgeni, na hata wale majambazi hawakuweza kuniliza.