Tairi Lililopimwa Bila Ndizi

Baba mdogo Valerian ananyoa watu Soweto, hapa Moshi mjini, na nje ya saluni yake huwa ameegesha Altezza nyekundu ambayo wateja huiulizia kabla hata hawajakaa kwenye kiti. Ni gari la chini, la kukimbia. Ukiingia ndani unahisi umekaa kwenye mkeka. Mjini linapendeza. Shida ni kwa Bibi, Kibosho, ambako lami inaisha na barabara ina mgongo wa mawe katikati. Kila akipanda kumsalimu mama yake tumbo la gari linakwangua, naye anakunja uso kama mtu anayenyolewa kwa wembe butu.

Likizo ya mwezi wa sita alisema amechoka, anataka matairi ya kulinyanyua. Nikamwomba niende naye, maana mimi namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi zilikuwa zinanisumbua siku nyingi.

Duka ni la Mzee Balbir, Singasinga aliyezaliwa Moshi hapa hapa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye maswali?"

Baba mdogo alikuwa ameshanisemea. Basi nikauliza. Mzee Balbir akainama, akanionyesha kwa kidole tairi la zamani: 215/45, halafu 17. Mia mbili kumi na tano ni upana kwa milimita. Arobaini na tano ni kimo cha ubavu, asilimia ya ule upana. Kumi na saba ni rimu, kwa inchi. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Ni hesabu ya darasani kabisa, iko barabarani inazunguka na hakuna anayeisoma.

"Nataka 225/50," alisema Baba mdogo. "Pana, refu. Gari lisimame."

Mzee Balbir akashika ndevu. "Litapanda sentimita moja na nusu hivi. Lakini angalia ndani ya madigadi, hili bati la juu ya tairi, nafasi yako ni ndogo. Mimi ningekupa 205/50. Refu kidogo, jembamba kidogo, haligusi kitu."

"Mzee, watu watasema nimelivalisha matairi ya baiskeli."

"Watu gani?"

"Wateja."

"Wateja wako wanakuja kunyolewa au kupima matairi?" Alicheka, halafu akawa makini. "Haya. Unapakia nini kwenye hili gari?"

"Mimi na mke wangu. Basi."

"Mizigo?"

"Hili ni gari la michezo, Mzee. Si kirikuu cha mizigo."

Nilimtazama Baba mdogo. Yeye alitazama rimu.

Matairi ya 225 yakafungwa. Tukazunguka mitaa ya Soweto, akakata usukani mpaka mwisho huku na huku, hakuna kilichogusa. Tuliporudi akapitisha kidole kati ya tairi la nyuma na madigadi, kikapita. Akakiinua hicho kidole juu anionyeshe mimi na Mzee Balbir, kama mtu aliyemaliza kupiga kura.

Jumamosi tukaenda Kibosho kumchukua Bibi Ndelilio. Macho yake yana ukungu, na Jumatatu ilikuwa zamu yake kufanyiwa upasuaji hospitali. Kupanda kulikuwa raha tupu. Tumbo la gari halikugusa jiwe hata moja, na Baba mdogo alikuwa anaimba.

Sasa, kwa asiyejua kwetu. Huwezi kuondoka kwa Bibi na buti tupu. Hiyo haipo. Ukikataa mzigo wake umesema kihamba chake, shamba lake la migomba, hakizai, na atalikumbuka hilo mpaka Pasaka. Tulipomaliza kula alikuwa ameshawaita vijana wa jirani, nao wanabeba mikungu ya ndizi mshare, gunia la magimbi, dumu la mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

"Mama, imetosha," alisema Baba mdogo.

"Imetosha kwa nani? Mke wako anakula nini huko, nywele za wateja?"

Mikungu ikajaa buti. Mingine ikaingia kiti cha nyuma pamoja na mimi. Kabla sijapanda niliona gari limekaa kitako, pua iko juu. Nikainama, nikajaribu kupitisha kidole pale alipopitisha yeye. Hakikupita. Hata kucha haikupita.

Nilimfuata nikamnong'oneza. Akatazama pale, kisha akamtazama Bibi aliyekuwa ameshafunga mkanda.

"Zita, ingia ndani."

"Lakini Baba mdogo..."

"Tutaenda polepole. Ingia."

Niliketi nyuma ya Baba mdogo, kuku miguuni, mkungu ukinibana ubavu. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa chini yangu kabisa. Kwenye shimo la kwanza nikalisikia: krrr. Kama mtu anakwangua sufuria. Kisha kimya. Shimo la pili, krrr. Tulipoanza kona za kuteremka sauti haikungoja tena mashimo. Kila kona ya kushoto, gari likiegemea upande wangu, ilikuja ndefu na ya chini, niliihisi kwenye mifupa ya makalio kabla ya kuisikia.

Upande mmoja wa barabara ni ukuta wa udongo wenye mizizi. Upande mwingine ni korongo, na huko chini kabisa mto unasikika bila kuonekana. Nilijaribu kutotazama. Nikawa nafikiria ule ukingo wa madigadi, bati tupu, na tairi likizunguka chini yake kama karoti kwenye kikwangulio. Nikajiuliza limebaki unene gani. Nikajiuliza likipasuka kwenye kona gari huenda upande gani, na kwa sababu napenda kujua mambo, akili yangu ikanijibu. Nilitamani isingejibu.

Bibi alikuwa ameanza rozari. Si kwa ajili ya tairi. Yeye huisali kila akiteremka mlima.

"Salamu Maria, umejaa neema... Nani anachoma plastiki?"

Harufu ilikuwa imefika kwake pia. Nilimwona Baba mdogo kisogoni, pale alipojinyoa mstari safi asubuhi. Jasho lilikuwa linaufuata ule mstari.

"Baba mdogo, simama. Tafadhali."

"Nikisimama hapa," alisema kwa sauti ya chini kabisa, "wataniona nashusha ndizi za mama yangu barabarani. Unajua maana yake?"

Nilijua. Niliweka kiganja kwenye bati kando ya kiti, nikakitoa haraka. Lilikuwa la moto. Kuku alinyamaza. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Bibi naye akakata sala katikati. Hajawahi kufanya hivyo.

"Valerian. Unaogopa nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Mimi sioni, lakini masikio ninayo. Unapumua kama ulivyokuwa unapumua ukiwa umevunja chungu. Simamisha gari."

Akasimamisha. Nilitoka nikitambaa juu ya ndizi, nikatafuta jiwe, nikaliweka mbele ya gurudumu. Kisha tukatazama. Ubavuni mwa tairi palikuwa na mfereji uliochongwa kuzunguka duara lote, na ndani ya mfereji nyuzi zilikuwa zinaonekana, zimechanikachanika kama ncha ya kamba ya katani. Zilikuwa zimebaki chache. Mbele yetu kulikuwa na kona kali kuliko zote za njia ile.

Baba mdogo alichuchumaa, akaitazama ile kona, kisha buti.

"Mama," alisema mwishowe, "tairi la akiba liko chini ya buti. Chini ya ndizi."

Nilidhani sasa ndipo tutakapopata ajali yenyewe.

"Ungeniambia nyumbani ningepunguza."

"Ungepunguza, mama?"

Bibi akafikiri. "Hapana," akasema. "Zita, nishike mkono."

Nikamtoa. Baba mdogo akaweka majani ya mgomba barabarani nyuma yetu na mbele, wenye magari wajihadhari, akaanza kushusha. Watu wa nyumba ya juu wakatoka kutazama, kama alivyoogopa. Bibi akasimama kando ya ile mikungu, akaipapasa mmoja mmoja, akawaita kwa sauti.

"Mama Filemon yupo? Njoo uchukue mkungu wako. Na huu mpelekee yule mwenye mtoto mchanga. Valerian amewaletea."

Hakuna aliyeona ndizi zimetupwa. Waliona zimegawiwa. Magimbi na mbege pia vilibaki pale. Tairi la akiba lilikuwa la kipimo cha zamani, kwa hiyo tuliteremka tukiwa tumeinama upande mmoja, mwendo wa mtu anayebeba mayai. Tulipofika kwenye lami ndipo meno yangu yalipoachana. Bibi alikuwa amekataa kuachia mkungu mmoja, wa mke wa Baba mdogo. Aliupakata.

Hatukwenda nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa Mzee Balbir. Akazunguka gari, akainama, akaugusa ule mfereji, wala hakucheka.

"Nikuulize tena. Unapakia nini?"

Baba mdogo alimtazama Bibi pale mbele na ndizi zake.

"Mama yangu," alisema. "Na chochote atakachotaka kuweka."

"Basi ni 205."

Bibi alifanyiwa upasuaji wa macho yote mawili na sasa anaona vizuri. Alipoiona Altezza kwa mara ya kwanza bila ukungu alisema mbona matairi yake ni membamba hivyo. Baba mdogo akamfungulia mlango. Mimi kila tukiwa tunatoka Kibosho, kabla sijaingia, bado nainama kupitisha kidole. Kinapita. Hata hivyo kwenye kona za kushoto huwa nainua makalio kidogo.