Mfuko Mweusi Kwenye Mizizi

Muuza miche wa kona ya mtaa wetu hakuuzii mti kabla hajakuuliza jua linaingilia upande gani kwenu, na ukuta uko hatua ngapi kutoka utakapouchimbia. Huongea polepole, huku akipangusa majani kwa kidole gumba kama mama anayemfuta mwanawe uso. Siku ile nilimfikia nimefura, nimebeba mti wa maua uliokauka.

"Mama, umeniuzia mti mfu!" nilifoka mbele ya wateja.

Alipiga magoti, akachambua udongo, na hapo sisi wawili tukauona mfuko mweusi wa nailoni, bado umeibana mizizi. Nilikuwa nimeupanda mti pamoja nao, ingawa aliniagiza niuchane kwanza. Uso ukanishuka. Yeye akaufunika mfuko kwa kiganja chenye matope, akawageukia watu.

"Kweli, mche huu ulikuwa mbovu. Chagua mwingine, mwanangu."

Mwanamke mmoja akalirudisha chini waridi alilokuwa ameshalichagua, akaondoka zake. Ningeweza kumwita. Nilichagua asumini, nikashukuru kwa sauti ya chini, nikaenda nyumbani.