Vidonge Nilivyomtilia Mwanangu Kwenye Uji

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Mimi bibi wa Makote, niliyelea watoto na wajukuu wakanyooka, nimemuumiza mwanangu kwa kiburi changu!

Mwanangu, Mama Salma, anatibiwa saratani ya titi. Daktari alituonya: dripu za dawa anazotundikiwa zinaweza kuleta ganzi vidoleni, na tusimpe kidonge chochote bila kumuuliza. Mimi huyo, mbio Masasi! Muuzaji wa vidonge akaniambia, "Mama, hii ni lishe tu. Inalinda mishipa ya fahamu, ganzi haisogei." Nikanunua kopo zima. Nikawa navisaga, namtilia kwenye uji kimyakimya.

Ganzi ikazidi. Akawa anaangusha vikombe. Mjukuu wangu Salma, msichana mkubwa sasa, akalikuta kopo uvunguni.

"Bibi, hivi umemwambia daktari?"

"Daktari ndiye aliyemzaa?"

"Basi namwambia mimi."

Loo! Nilimtandika mwiko wa ugali mdomoni, akaanguka, nikamwongeza mateke palepale chini. Jino likatoka na damu. Mama yake akapiga yowe, "Mama, utaniulia mwanangu!"

"Nyamaza! Nakuponya halafu wanipigia kelele? Mikono imepona hiyo. Kaa hapa ubangue korosho!"

Korosho zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka motoni, maganda yanatokota mafuta. Huku kwetu hata mtoto anajua: zinaachwa zipoe, unajipaka majivu mikononi. Mama Salma kwa kuniogopa akazishika hivyohivyo. Akabangua, akabangua, wala hakushtuka! Harufu ya ngozi kuungua niliisikia mimi. Nilipomvuta mkono, ngozi ilibaki kwenye ganda.

Hospitalini daktari alilitazama lile kopo, akaguna. "Bibi, vingine vya namna hii vinaweza kuzidisha ganzi badala ya kuizuia." Dripu zikasimamishwa mpaka vidonda vikauke. Uvimbe wa titini nao haukutusubiri!

Sasa namlisha mimi. Anafungua kinywa, haniangalii. Salma ananipita uani na pengo lake, shikamoo hakuna, na sidai.

Wenzangu mnaouguza, msidanganywe na neno lishe! Kila kopo lianzie kwa daktari. Na wa nyumbani akikuzuia, msikilize, hata kama kitovu chake ulikikata wewe.

Mimi leo nikimshika mwanangu mkono, mpaka atazame ndipo ajue nimemshika.