Ng'ambo ya Uwanja

Mwalimu mkuu alinipigia simu asubuhi, mbaazi ziko jikoni. "Mama, kesho njoo shule tuongee kidogo kuhusu mtoto." Hilo neno kidogo ndilo lililoniharibia siku nzima. Shule haimwiti mzazi kwa jambo kidogo. Tui likakatika nikilitazama, wateja wangu wakala mbaazi za ajabu ajabu, na aliyelalamika nilimwambia ale mahamri makavu.

Nilijua ninaitiwa nini. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka minane na bado yuko gredi ya kwanza, kwa mara ya pili. Alichelewa kulia alipozaliwa, akachelewa kukaa, akachelewa kutembea na kusema. Daktari kule Msambweni alitueleza kwamba hewa ilikawia kufika kwenye ubongo, na kwamba mtoto atajifunza, ila taratibu. Mume wangu, ambaye ni askari wa lango huko Diani, alilipokea neno hilo taratibu kama mtu aliyeambiwa mvua itachelewa. Mimi sina moyo huo. Mimi ni mtu wa kutazama watoto wa wenzangu wamefika wapi, kisha ninakosa usingizi.

Shule yetu ina yuniti, yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Iko peke yake upande wa pili wa uwanja wa mpira, karibu na tangi la maji, na watoto wa shule wamepaita ng'ambo. "Fulani amepelekwa ng'ambo," husema, wakacheka. Watoto wa wenzangu wakienda ng'ambo hupikiwa pilau na kupigiwa vigelegele. Wangu angevuka uwanja tu, na nilikuwa sijasikia mtoto aliyevuka akarudi. Hilo ndilo lililonitisha. Katika gredi ya kwanza alikaa dawati moja na binti wa wifi yangu, ambaye humfunga kamba za viatu na kumpangusa mdomo baada ya uji, bila kuambiwa na mtu. Kule ng'ambo angefungwa viatu na nani?

Siku ya pili nilivaa buibui langu la Idi. Mume wangu alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka zamu. Akasema, "Popote watakapomweka, mradi asome." Nikamwambia akalale. Ndani ya tuk-tuk nilikariri maneno yangu: mwanangu ana haki sawa na mwengine, mwanangu anasikia, anaelewa, anatumwa dukani na anarudi na chumvi. Hilo la chumvi lilitokea mara moja tu, lakini lilitokea. Yeye mwenyewe alikuwa kando yangu, amekishika kidole gumba changu, anaimba.

Ofisini walikuwa watatu. Mwalimu mkuu, mtu wa bara mwenye kicheko kikubwa. Madamu wa gredi ya kwanza, msichana mgeni ambaye hata mwaka hajamaliza Pwani. Na mwalimu wa yuniti, mtu mzima wa upande wa Msambweni, aliyeketi karibu na mlango kama anayetaka kuondoka. Nikambonyeza binti yangu begani. "Shikamoo," akamwambia mwalimu mkuu. Akamwamkia madamu, akamwamkia mwalimu wa yuniti, kisha akaliamkia na kabati. Wakacheka kwa upendo, ninakiri ulikuwa upendo, lakini mimi jasho lilinitoka.

"Mama," akasema mwalimu mkuu, "uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Nikajisemea moyoni, kama unalijua hilo basi mbona umeniita.

Akampa nafasi madamu. Madamu akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba amejaribu kumpima mtoto yeye mwenyewe kabla ya kumwita mzazi. Alimwonyesha kioo. "Nikamuuliza, huyu ni nani? Akasema meno. Nikarudia, huyu ndani ya kioo ni nani? Akasema tena, meno. Sasa, mama, si eti namkataa. Lakini nikimuuliza mtu ananijibu meno, nitajuaje ananielewa?"

Nilicheka. Haikuwa furaha, zilikuwa hasira zilizokosa mlango. "Hakusema meno, madamu. Alisema mino!"

Wakanitazama.

"Mino ni mimi! Kwa Kidigo. Ulimuuliza huyu nani, akakujibu ni yeye. Mara mbili!" Mtoto huyu amelelewa na mama mkwe wangu, kwa kuwa mimi alfajiri niko kwenye karai, na mama mkwe wangu Kiswahili hukitumia akigombana na makonda tu. Nikayasema hayo yote, na mengine ambayo hayakuhitajika. Nikauliza kama ni kosa mtoto wa Kidigo kujibu kwa Kidigo huku Udigoni.

"Ni kweli, mino ni mimi," akasema mwalimu wa yuniti.

Madamu akashika mdomo. "Pole, mama. Wallahi sikujua." Alisema wallahi na msalaba uko shingoni, kwa jinsi alivyoumia. Mimi nilikaa wima kitini. Nilijiona nimeshinda kesi.

"Basi vizuri," akasema mwalimu mkuu. "Tumpime tena hapa hapa. Mama ndiye atakayeuliza, kwa Kidigo."

Hilo sikulitarajia.

Madamu akamwaga vizibo vya soda mezani, akatenga vitatu. Nikamuuliza mwanangu ni vingapi. Akavitazama, kisha akanitazama mimi, akainamisha kichwa kidogo, akasema tatu. Mwalimu mkuu akapiga meza kwa furaha. Vikatengwa vitano. Akanitazama, akainamisha kichwa, akasema tano. Moyo ulikuwa unanipaa. Ndipo mwalimu wa yuniti akainuka, akasogea karibu yangu, akanena kwa upole sana:

"Mama, hebu tia mikono ndani ya buibui."

Vidole vyangu vilikuwa juu ya goti, vitano, vimekunjuliwa. Wallahi sikuwa nimekusudia. Nyumbani ndivyo tunavyohesabu, mimi ninaonyesha yeye anasema, na mkono wangu umezoea kumkimbilia kabla sijaujua. Nikautia ndani. Uso uliniwaka moto.

Vikatengwa viwili. Nikauliza. Mwanangu akaniinamia gotini, akautafuta mkono, akaupapasa juu ya nguo. Hakuuona. Akamtazama madamu mikononi, akamtazama mwalimu mkuu mikononi. "Tatu," akasema, akitabasamu. Vikatengwa vinne. "Tatu." Kikatengwa kimoja. "Tatu," na tabasamu ni lile lile, la mtu anayetaka kutufurahisha sote.

Nilipopata sauti niliitumia vibaya. Nikamuuliza mwalimu wa yuniti huko kwake hufundishwa nini, kulala?

"Wapo wanaolala, mama," akajibu. "Wapo wanaojifunza kuhesabu. Wako nitamwanzia kwenye moja na mbili, kwa Kidigo, na nitakuwa na wakati naye. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Madamu naye akasema kwamba darasani kwake watoto wamejaa mpaka dirishani, na kila siku akikaribia kumfikia mwanangu, kengele inalia. Alisema hivyo huku anakaribia kulia yeye.

"Lakini wewe ndiye mzazi," akasema mwalimu mkuu. "Ukisema abaki, atabaki. Hakuna atakayekulazimisha."

Nilikuwa nimekuja kupigana, nikakabidhiwa mpini. Laiti wangenilazimisha! Ningerudi nyumbani na watu wa kulaumu. Nikauliza kama atakunywa uji pamoja na wengine. Atakunywa. Nikauliza kama akiweza atarudi. Akiweza atarudi, akasema mwalimu mkuu upesi upesi. Nikamgeukia mwalimu wa yuniti. "Kuna aliyewahi kurudi?"

Akafikiri. "Tangu nije mimi, bado."

Mwisho nikamuuliza mwenyewe. Nikapiga magoti, nikamwambia kwa Kidigo kuna kwa madamu na kuna kule ng'ambo, je, yeye anataka wapi. Akasema, "Kaya." Mwalimu mkuu akauliza amesemaje, na mwalimu wa yuniti akamfasiria: anataka nyumbani. Wakacheka tena, na safari hii nami nilicheka, machozi yananitoka.

Nikasema apelekwe. Sikusema kwa kuwa nimeridhika. Nilisema kwa kuwa nilikuwa nimeona alivyoutafuta mkono wangu mikononi mwa watu wengine, na nikaogopa siku ambayo atautafuta na mimi sipo.

Jumatatu nilimpeleka mpaka langoni, nikajifanya ninaondoka, nikazunguka nyuma ya ua. Nilikuwa na mpango ambao sikumwambia mtu. Nilijua atalia. Akilia tu, nitaingia nimchukue mbele ya walimu wote, niwaambie mnaona, mtoto amekataa. Watoto wakapanga mistari. Yeye akaenda kwenye mstari wake wa siku zote, nyuma ya binti wa wifi yangu, na mistari ilipoanza kuingia madarasani naye akaingia. Hakuna aliyekuwa amemweleza, au alielezwa akasahau. Nikaona mlango ukimmeza, nikashika miti ya ua.

Baada ya kitambo madamu akatoka naye, amemshika mkono. Wakaanza kuvuka uwanja. Katikati binti yangu alisimama, akageuka, akalitazama darasa. Binti wa wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hawakuitana. Nikangoja, nikamwambia kimoyomoyo, lia, mwanangu, lia nije.

Hakulia. Aligeuka, akaendelea kutembea mpaka ng'ambo, mwalimu wa yuniti akampokea mkoba, wakaingia ndani. Nilisimama pale mpaka kengele ya mapumziko na sikusikia sauti yake hata mara moja.

Kwetu binti akiposwa, akaulizwa, akanyamaza, wazee husema ameridhia. Mimi ndiye mamake, na mpaka leo sijui.