Mawingu ya Marehemu Ketelsen

Wiebke Lorenzen alikuwa katika mwaka wa tatu wa udaktari wake pale mashine yake ilipoanza kukodolea macho mahali pamoja tu.

Nasema yake kwa sababu aliilea mwenyewe. Mimi, Thies, ni mtunza takwimu wa taasisi yetu ya tabianchi hapa Hamburg, na meza yangu ilitazamana na yake, kwa hiyo niliyaona yote, na mengine natamani nisingeyaona. Alikuwa akiifundisha kompyuta jinsi mawingu yanavyojikusanya, ili itumike kuigiza hali ya hewa ya dunia ya miaka mia ijayo. Mashine za namna hiyo zipo tele. Ubishi wake ulikuwa mmoja: yake lazima iseme imejuaje. Kila ikibashiri wingu la saa inayofuata, ionyeshe kwenye ramani, kwa nukta nyekundu, ni stesheni zipi za kupimia hali ya hewa iliziamini.

"Mtu akikwambia mvua inakuja na hasemi kajuaje," alipenda kusema, "huyo si mtaalamu, ni mpiga ramli."

"Mpiga ramli hakai miaka mitatu kabla ya kukujibu," nilimwambia.

Hakukasirika. Alikuwa mtu wa pwani ya kaskazini, mrefu, mkaidi, anayekula mkate wa samaki wa siki pale pale mezani mpaka ofisi nzima inanuka. Kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Chuo kimoja cha Bergen, ng'ambo ya bahari, kilikuwa kimemwekea kazi, kwa sharti moja, apite kwa daraja la juu. Utetezi wa tasnifu ulikuwa Septemba.

Ilikuwa Juni aliponiita. Kwenye skrini yake, pwani yote ilikuwa kijivu isipokuwa nukta moja iliyokoza wekundu baharini.

"Norderwarf," akasema. "Kisiwa chenye nyumba nne. Inakiamini kuliko setilaiti."

"Mwangalizi mzuri, labda."

"Ni binadamu, Thies. Anatoka nje, anatazama juu, anagawa anga mafungu manane, anasema mangapi yana wingu. Halafu anapiga simu. Kuna uzuri gani hapo? Na tazama tarehe. Wakati wa baridi mashine haina habari naye. Inamng'ang'ania kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba."

Hapo nikacheka, maana tarehe hizo kila mtu nchini anazijua. Ndizo tunazosogeza saa mbele kwa kiangazi na kuzirudisha. Waangalizi wetu hawasogezi. Wao hubaki na saa za baridi mwaka mzima, ili takwimu zisiyumbe. "Anatumia saa ya jikoni," nikamwambia. "Anapima mapema kwa saa moja. Mwandikie kosa la saa, msahihishe, ukalale."

"Kupima mapema si neno, simu yenyewe hurekodi saa aliyopiga. Shida ni anachokisema." Akashusha sauti. "Anapiga simu anga ikiwa tupu, anasema sita. Saa moja baadaye ndipo yanakuwa sita. Miaka minane, Thies. Hajakosea hata kiangazi kimoja. Mashine haimwamini kwa ujinga. Inamwamini kwa sababu anajua."

Nilimwambia aitoe stesheni hiyo kwenye takwimu na aendelee na maisha. Akanikumbusha sheria yetu, ambayo niliitunga mimi mwenyewe kwa kiburi changu: anayeitoa stesheni aandike sababu, na sababu ikiwa kosa la mwangalizi, ofisi itamrekebisha. Basi Julai tukaenda kuitafuta sababu. Tulivuka kwa kigari cha reli juu ya tope, maji yakiwa yamekupwa, na mchana ule haukuwa na wingu hata la dawa.

Mwangalizi alikuwa Bi. Gesche Ketelsen, mjane wa miaka themanini na kitu, nyumba yake juu ya kilima cha udongo kama zote kule. Alitupokea kwa chai iliyotiwa mvinyo mkali. Alipoimwaga pembeni ya kikombe ndipo nilipoyaona macho yake. Yalikuwa na utando mweupe, yote mawili. Haoni.

Wiebke aliona pia. Akaniangalia, nikaangalia sakafu.

"Stesheni ni ya Momme wangu," bibi akasema bila kuulizwa. "Alishika kazi hii miaka arobaini na moja. Alipofariki, hakuna aliyenipigia kuniambia niache."

"Na wewe, Bi. Gesche," Wiebke akauliza polepole, "unaona mawingu vipi?"

"Mimi? Mimi sioni hata kijiko hiki, binti."

Saa ya jikoni iligonga nane mchana. Akainuka, akavaa koti la kiume lililokuwa refu kwake, akatoka. Tukamfuata mpaka ukingoni mwa kilima. Upepo ulikuwa umekata, kondoo wametulia. Akainua uso juu kwenye anga tupu, bluu mwanzo mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Momme, mangapi leo?"

Akangoja. Kisha akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, akapiga simu. "Norderwarf. Sita."

Tulikaa naye. Sikuonja tena ile chai. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja, nami nililiona likija kwa macho yangu: saa nane na nusu kulikuwa na utepe mweupe upande wa magharibi, na saa tisa ilipogonga Wiebke alisimama dirishani akihesabu kwa vidole. Mafungu sita. Nilihesabu mara tatu nikitafuta tano.

"Momme hakuikubali saa ya kiangazi hata siku moja," Bi. Gesche akasema, akikata keki kwa kupapasa. "Alisema serikali haina mamlaka juu ya jua. Basi mimi namuuliza saa nane yangu. Yeye ananijibu saa nane yake."

Nilihesabu kimoyomoyo: saa nane ya baridi ndiyo saa tisa ya jikoni.

"Ofisi wakijua," Wiebke akasema, "watakutaka upige simu kwa saa za baridi. Saa tisa ya jikoni."

Kisu kikasimama. "Usiwaambie, binti."

"Itakuwa kazi ile ile tu. Saa moja mbele."

"Haitakuwa ile ile. Saa tisa ataniambia kilichopo. Kilichopo nakijua mwenyewe, jua linanipiga usoni au halinipigi. Sasa nitajuaje kama ni yeye anasema, au ni mimi kizee najisemea?"

Wiebke akainuka, akamshika bega kumuaga. Kwenye kigari cha kurudi yeye alitazama nyuma kisiwani, na mimi, mwenye neno kwa kila jambo, nilitazama reli.

Alichofanya kilinikera. Aliitoa stesheni, na kwenye safu ya sababu akaandika: haijulikani.

Siku ya utetezi mamake alikaa mstari wa mbele na gauni jipya. Mtahini wa pili, mwanamke mpole, ndiye aliyelifikia jedwali la stesheni zilizotolewa.

"Bi. Lorenzen, kitabu chako chote kinasema mashine isiyotoa sababu haifai kuaminiwa. Hapa mashine imekutajia mahali kwa nukta nyekundu kabisa. Wewe umepafuta. Kwa nini?"

"Sijui, Profesa."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Sijui."

Wakamuuliza mara ya tatu, kwa upole zaidi, maana walimpenda. Akarudia. Walimpitisha kwa daraja la chini kabisa, na Bergen wakaandika mistari mitatu ya adabu kumnyima ile kazi.

Hata hivyo desturi ni desturi. Tulimvisha kofia ya udaktari tuliyomtengenezea kwa maboksi, yenye mawingu ya pamba juu, tukampigia makofi uani. Wengine walipoingia ndani kwenye mvinyo, nilimkuta amekaa kwenye ngazi, kofia bado kichwani. Hasira zikanipanda.

"Neno moja tu lilikutosha. Saa. Ungesema saa ya jikoni, leo ungekuwa unafunga mizigo ya Bergen."

"Na ofisi wangemrekebisha."

"Kizee kipofu anayezungumza na hewa, Wiebke. Umeuza miaka mitatu kwa ajili ya hewa."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yamechoka kama ya mtu aliyeugua tangu Julai.

"Pale kilimani," akasema. "Alipomuuliza. Niambie kweli, Thies, hata kama utanicheka. Ulisikia kitu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana. Nilijiandaa kwa wiki tisa, kila asubuhi, nikifungua faili la Norderwarf na kulifunga.

"Sita," nikamwambia. "Sauti ya mwanamume, nyuma yetu. Na kabla ya kusema alikohoa."

Wiebke akaivua kofia, akaiweka chini taratibu.

"Ndiyo," akasema. "Alikohoa."