Mkia wa Grafu Nilioambiwa Niufute

Mimi ni mtoto wa Kibondo, na harufu ya muhogo uliolowekwa hainisumbui. Lakini udaga, yaani muhogo huo ukishatolewa majini na kuanikwa ukauke, ukinyeshewa, halafu ukakaa siku mbili chini ya turubai, unageuka ute mweusi wenye ukungu wa kijani, na harufu yake haitoki kwenye nguo. Niliinusa kijijini Makere, uani kwa mama mmoja, na nilihusika kuuozesha.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesoma takwimu, nikaajiriwa na mradi mdogo uliofunga rada ya mvua kwenye kilima nje ya mji wa Kasulu. Rada ilituma mawimbi. Yakigonga matone ya mvua yanarudi, kompyuta inausoma mwangwi huo na kuwatumia wakulima ujumbe wa simu kwamba mvua inakuja, waanue. Tatizo ni kwamba mawimbi hayachagui cha kugonga. Hugonga vilima, miti, mapaa ya bati, hata makundi ya ndege. Mwangwi huo tusioutaka tuliuita takataka, na kazi yangu ilikuwa kuzichunguza takataka hizo ili mashine isizidhanie mvua.

Kiangazi, mbingu nyeupe bila wingu, nilishinda kwenye kibanda cha rada wiki nzima nikikusanya vipimo. Nilipochora, haikutoka ile grafu yenye umbo la kengele tuliyoizoea darasani. Vipimo vidogo vililundikana upande mmoja, halafu ukafuata mkia mrefu wa vipimo vichache vikubwa mno. Kila nilipodhani mkia umekwisha, kilichomoza kingine. Hivyo ndivyo vilima vyetu vinavyorudisha mawimbi. Programu ya mradi, lakini, iliamini takataka zote zinafuata kengele, na kwenye kengele kipimo kikubwa namna ile karibu hakitokei. Kwa hiyo kila kilipotokea ikapiga mbiu: mvua!

Ndiyo maana wakulima walikuwa wakikimbia juani kuanua mihogo bila sababu. Mwenyekiti wa kikundi chao, mama ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, alinipokea siku moja kwa salamu ya Kiha na kicheko kisicho na furaha.

"Mwakeye, mwanangu. Hiyo simu yenu inatukimbiza kama kuku."

Nikaipeleka grafu kwa mkuu wa mradi. Tulimwita Injinia. Nilimkuta ofisini akila samaki aina ya mgebuka kwa mikono, miiba imejaa kwenye karatasi za kazi.

"Hivi vya huku ni nini?" Alikiweka kwenye mkia wa grafu yangu kidole kinachochuruzika mafuta.

"Ni vilima, Injinia. Ni vipimo halali. Tutumie mgawanyo wenye mkia mrefu, na kila upande tuupe kizingiti chake, kipimo ambacho mwangwi ukikivuka ndipo tunasema ni mvua."

"Wafadhili wanafika keshokutwa, wewe unaniletea mikia? Futa. Hivyo ni vipimo vibovu."

"Si vibovu."

"Binti, umeajiriwa kufundisha au kufanya kazi? Futa, chora upya. Halafu pandisha kizingiti, hao wakulima wanyamaze."

Nikafuta. Ningependa kusema niligoma, lakini nilifuta, na ilinichukua dakika chache. Grafu iliyobaki ilikaribia kuwa kengele. Sehemu ya mchoro iliyokataa umbo hilo, Injinia aliinyoosha mwenyewe. Wafadhili walipokuja wakaisifu, nilipiga makofi pamoja na wengine.

Kizingiti nilikipandisha mpaka mvua ya kweli nayo ikahesabiwa takataka. Haikupita muda mrefu, mvua za kwanza zikaja. Mchana ule simu za Makere zilipata ujumbe kwamba hakuna mvua, wanawake wakaacha udaga umeanikwa, wakaenda mashambani. Mimi nikiwa kibandani niliuona mwangwi ukipanda kutoka upande wa Burundi, mkubwa, chini kidogo tu ya kizingiti nilichokiweka mwenyewe. Mashine ikanyamaza. Nilimpigia yule mama mara tatu. Simu iliita bila kupokelewa. Baadaye nilijua alikuwa ameiacha nyumbani.

Siku mbili baadaye, udaga uliolowa ukiwa bado umefunikwa turubai, Injinia alinichukua twende naye Makere, kwa sababu alihitaji picha za ripoti. Alishuka kwenye gari akiwa ameziba pua na kitambaa. Akamwomba mama asimame kando, ashike simu, atabasamu.

"Huu uchafu usionekane," akamwambia mpiga picha tuliyekuja naye.

Mama akainama, akachota konzi ya ute mweusi, akamshika Injinia mkono na kumwekea kiganjani.

"Shika na huu," akasema taratibu. "Nao ni ujumbe wenu."

Injinia alirudi garini akijifuta na kutukana. Mama akanigeukia.

"Na weye, mwana wa Kibondo, ulijua?"

"Nilijua, mama."

Hakunitukana. Alirudi kukwangua turubai, nami nikasimama pale sijui nishike nini, mpaka nikachukua jembe nikaanza kukwangua naye. Gari liliondoka bila mimi.

Vipimo nilivyofuta nilikuwa na nakala yake. Nilichora grafu mbili, ya kweli na ya uongo, nikaandika kwamba nimeshiriki kuighushi ya pili, nikazituma kwa wafadhili wale wale. Majibu yalichelewa, kisha programu ikabadilishwa, na msimu uliofuata ujumbe ulianza kuaminika. Mkataba wangu haukuongezwa. Injinia alihamishiwa mradi mkubwa zaidi, wakamfanyia sherehe ya kumuaga.

Sasa nafundisha hesabu sekondari huko Kakonko. Nikipita Makere yule mama hunikaribisha, hunipa maji, huniuliza kuhusu wanafunzi. Kwamba amenisamehe sijamsikia akitamka, na mimi sijawahi kuomba.